Siku Saba Juu ya Tyubu: Namna Mtandao Unavyotofautisha Nafasi



Swali langu la leo linaulizika kwa maneno machache. Nikikupa nafasi mbili, utajuaje kwamba ni mbili kweli, wala si moja iliyovutwa na kupindwa mpaka ikaonekana tofauti? Topolojia, tawi la hisabati linaloshughulika na swali hili, inaruhusu kuvuta, kukunja, kubana na kunyoosha. Inakataza kuchana na kugandisha. Duara na mraba, kwa topolojia, ni kitu kimoja, kwa sababu mraba wa uzi ukivutwa unakuwa duara. Duara na kipande cha mstari ni vitu viwili, kwa sababu hutoki kwenye kimoja kwenda kwenye kingine bila mkasi au gundi.

Kuthibitisha kwamba nafasi mbili ni moja kunahitaji jambo moja tu: onyesha namna ya kuvuta. Kuthibitisha kwamba ni tofauti ndiko kwenye kazi. Namna za kuvuta hazina mwisho. Ukijaribu milioni moja ukashindwa, bado mwenzako anaweza kuja na nyingine usiyoiwaza. Kwa hiyo tunatafuta namba, au sifa, ambayo hakuna kuvuta kunakoweza kuibadilisha. Ukishaipata, na nafasi zako mbili zikatofautiana kwa sifa hiyo, mjadala umefungwa. Ninalotaka kuwaonyesha jioni hii ni kwamba mtandao, yaani vituo na viungo vinavyoviunganisha, ni chanzo kikubwa cha sifa za namna hiyo. Nitaonyesha pia kwamba vipimo kadhaa vya mtandao vinavyotajwa sana siku hizi havifai kabisa kwa kazi hii, na sababu yake ni moja na inaeleweka.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Emil Torday, mtafiti kutoka Hungaria, alikuwa Kasai, nchini Kongo, kwa Wakuba. Watoto wa Kibushongo, kundi mojawapo la Wakuba, walimwonyesha michoro ya mistari mchangani wakamtaka aichore bila kuinua kidole na bila kupita mstari mmoja mara mbili. Yeye alishindwa, watoto walijua pa kuanzia. Wachokwe wa Angola na majirani zao wana michoro ya jamii hiyo iitwayo sona, ambayo Paulus Gerdes, mwanahisabati wa Msumbiji, aliitafiti kwa miaka mingi. Ujuzi wa watoto wale una siri ambayo Leonhard Euler aliiandika kwa lugha ya hisabati alipowasilisha mbele ya Akademia ya Sayansi ya St Petersburg, mwaka 1735, tatizo la madaraja saba ya Königsberg, mji ambao leo ni Kaliningrad nchini Urusi. Hesabu viungo vinavyotoka katika kila kituo. Kila unapopita kituoni unatumia viungo viwili, kimoja cha kuingilia na kimoja cha kutokea. Kwa hiyo kituo chenye idadi ya witiri kinaweza tu kuwa mwanzo au mwisho wa safari. Mchoro ulioungana wote, wenye vituo viwili tu vya witiri, unachoreka, ila lazima uanzie kwenye kimojawapo. Königsberg ilikuwa na sehemu nne za nchi kavu zenye madaraja matano, matatu, matatu na matatu: zote witiri, basi matembezi hayo hayawezekani.

Sasa angalieni jambo ambalo Euler hakulihitaji, lakini sisi tunalihitaji. Chukua mchoro wowote, chagua kiungo kimoja, weka kituo kipya katikati yake. Nafasi yenyewe haijabadilika hata kidogo. Wino ni uleule, mistari ni ileile. Tumeongeza alama tu. Kituo kipya kina viungo viwili, ambayo ni shufwa, kwa hiyo idadi ya vituo vya witiri imebaki ilivyokuwa. Hapa ndipo penye mtihani wangu wa jioni nzima. Kipimo cha mtandao kina haki ya kuzungumzia nafasi iwapo tu kinabaki vilevile unapoongeza kituo katikati ya kiungo. Kikibadilika, kilikuwa kinapima alama zetu, na nafasi kilikuwa hakijaigusa.

Tupitishe mtihani huo kwa vipimo vinavyofahamika. Mwaka 1998 Duncan Watts na Steven Strogatz walichapisha makala maarufu kuhusu mitandao ya dunia ndogo, na tangu hapo kila programu ya kuchambua mitandao hutoa kipimo cha msongamano wa ujirani, yaani sehemu gani ya majirani wa kituo nao ni majirani wao kwa wao. Ni kipimo chenye faida kubwa kwa mitandao ya watu, ya umeme na ya neva. Lakini chukua pembetatu: vituo vitatu, viungo vitatu. Msongamano wake ni 1, wa juu kabisa. Weka kituo kimoja katikati ya kila kiungo, upate pembesita. Msongamano sasa ni 0, wa chini kabisa. Nafasi iliyo mbele yetu mara zote mbili ni duara lilelile. Kipimo kilichoruka kutoka kileleni hadi chini kabisa huku nafasi imetulia hakiwezi kutumwa kwenda kutofautisha nafasi. Umbali mrefu kuliko wote nao vivyo hivyo: duara lenye vituo 10 linatoa 5, lenye vituo 1,000 linatoa 500. Nimesoma kazi za wanafunzi, na si za wanafunzi peke yao, ambamo namba hizi zinawekwa kwenye jedwali na kuitwa sifa za umbo. Naomba tuache jambo hilo.

Kuna kipimo kimoja kinachosimama katikati, nacho ni kasi ya kukua. Simama kwenye kituo, hesabu vituo unavyoweza kufikia kwa hatua zisizozidi 10. Kwenye mstari mnyoofu usio na mwisho unafikia 20. Kwenye mtandao wa miraba unaojaza bapa unafikia 220. Kwenye mtandao wa michemraba unaojaza nafasi yetu ya vipimo vitatu unafikia 1,560. Kwenye mti ambao kila kituo kina viungo vitatu unafikia 3,069. Ukiweka kituo katikati ya kila kiungo, namba zenyewe zitabadilika, ila mwenendo unabaki: wa kwanza unakua sawasawa na hatua, wa pili na mraba wake, wa tatu na mchemraba wake, na mti unakua kwa kujizidisha maradufu. Mwenendo huo unatuambia nafasi ina vipimo vingapi ukiitazama kwa mbali. Hilo ni jambo zuri, lakini ni habari za jiometria zaidi kuliko za topolojia, nami nitaliacha hapo.

Tuje kwenye vipimo vinavyofaulu. Chora ubaoni maumbo matatu. La kwanza ni tarakimu 8. La pili ni duara lenye kipenyo kilichochorwa kutoka upande mmoja hadi wa pili. La tatu ni miduara miwili iliyotenganishwa na kuunganishwa kwa kijiti. Je, ni nafasi ngapi hizi?

Kipimo cha kwanza cha kujaribu ni idadi ya mizunguko huru: toa vituo kutoka viungo, ongeza moja. Ukiweka kituo katikati ya kiungo, vituo vinaongezeka kimoja na viungo vinaongezeka kimoja, tofauti haiguswi; mtihani umefaulu. Tarakimu 8 ina kituo kimoja pale mistari inapokutana na viungo viwili vinavyorudi hapohapo: 2 toa 1 ongeza 1 ni 2. Duara lenye kipenyo lina vituo viwili na viungo vitatu: 2. Miduara yenye kijiti nayo ina vituo viwili na viungo vitatu, viwili vikiwa vitanzi na kimoja kijiti: 2 tena. Kipimo kimefaulu mtihani, lakini hakikuona tofauti yoyote.

Kipimo cha pili ni viungo vingapi vinatoka katika kila njiapanda. Vituo vya katikati vina viwili viwili na havihesabiki, kwa hiyo hapa pia mtihani umepita. Tarakimu 8 ina njiapanda moja ya viungo vinne. Haya mengine mawili yana njiapanda mbili za viungo vitatu vitatu. Basi 8 imejitenga: haiwezi kuvutwa ikawa mojawapo ya hayo mawili. Lakini hayo mawili bado yamefungana.

Kipimo cha tatu: ng'oa kiungo kimoja, tazama kama mtandao unakatika vipande viwili. Kwenye miduara yenye kijiti, ng'oa kijiti, na miduara inaachana. Kwenye duara lenye kipenyo, ng'oa kiungo chochote kati ya vitatu na kilichobaki bado kimeungana. Basi hizo ni nafasi tatu, na tumethibitisha bila kujaribu hata mara moja kuzivuta.

Hapa kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha madarasani. Kipimo kikitoa majibu mawili tofauti, hukumu ni ya mwisho: nafasi ni mbili. Kikitoa jibu moja, hakuna hukumu yoyote iliyotolewa. Mizunguko huru ilitoa 2 mara tatu kwa nafasi tatu tofauti. (Aliyekwenda mbele katika somo hili atasema kwamba kijiti na kipenyo vikiruhusiwa kufinywa hadi viwe nukta, maumbo yote matatu yanakuwa 8. Ni kweli, na huo ni ufanano wa aina nyingine, uliolegea zaidi. Idadi ya mizunguko inauona huo tu.)

Mpaka sasa mtandao ulikuwa ndio nafasi yenyewe. Tuhamie kwenye nyuso, ambako mtandao unachorwa juu ya nafasi. Mwaka 1750 Euler alimwandikia rafiki yake Christian Goldbach kuhusu maumbo ya mango: hesabu vipeo, toa kingo, ongeza nyuso, utapata 2. Mchemraba: 8 toa 12 ongeza 6. Piramidi ya pembetatu: 4 toa 6 ongeza 4. Kwa lugha yetu, ukichora juu ya tufe mtandao wowote ulioungana, basi vituo toa viungo ongeza maeneo yaliyozungushiwa ni 2 daima. Kituo cha katikati hakiibadilishi. Kuongeza kiungo kati ya vituo viwili kunagawa eneo moja kuwa mawili, na jumla inabaki ileile.

Sasa tazama nguvu ya namba hiyo. Chukua vituo vitano na uunganishe kila kimoja na vingine vyote: viungo 10. Je, waweza kuvichora juu ya tufe bila viungo kukatana? Kama ingewezekana, maeneo yangekuwa 2 toa 5 ongeza 10, yaani 7. Kila eneo limezungukwa na viungo visivyopungua vitatu, kwa hiyo tukihesabu eneo kwa eneo tunahitaji pande 21 au zaidi. Lakini kila kiungo kina pande mbili tu, na viungo 10 vinatoa pande 20. Upande mmoja umekosekana, na kwa upande mmoja huo jambo zima haliwezekani. Fumbo la nyumba tatu zinazotaka maji, umeme na simu bila mabomba wala nyaya kukatana linakufa kwa hesabu ileile: vituo 6, viungo 9, maeneo 5, kila eneo likihitaji pande nne, jumla 20 ilhali zilizopo ni 18. Mwaka 1930 Kazimierz Kuratowski wa Poland alithibitisha kwamba mitandao hiyo miwili ndiyo vizuizi pekee: mtandao unaokataa kuchorwa kwenye bapa lazima uwe na mmojawapo ndani yake, ukishafuta vituo vya katikati.

Sasa njoo juu ya tyubu ya baiskeli iliyojazwa upepo, ambayo wanahisabati huiita torasi. Juu yake mtandao wa vituo vitano unachoreka, kwa sababu kiungo kilichokwama kinaweza kupitia kwenye tundu la katikati kikaibukia upande wa pili. Na hapa ndipo mtandao unapogeuka kipimo cha nafasi. Ukivuta uso, mchoro uliopo juu yake unavutwa pamoja nao. Viungo ambavyo havikukatana havianzi kukatana. Kwa hiyo uso unaoupokea mtandao fulani na uso usioupokea haviwezi kuwa uso mmoja. Tufe na tyubu vimetenganishwa na vituo vitano.

Juu ya tyubu, vituo toa viungo ongeza maeneo ni 0, mradi kila eneo lenyewe halina tundu. Namba hiyo inaweka kikomo: viungo haviwezi kuzidi mara tatu ya vituo. Vituo vinane vilivyounganishwa vyote vina viungo 28, na mara tatu ya 8 ni 24, kwa hiyo haviingii. Vituo saba vina viungo 21, na mara tatu ya 7 ni 21. Vinaingia kwa hesabu, bila nafasi ya ziada hata ya kiungo kimoja. Lakini kuingia kwa hesabu si kuingia kwa kweli, na lazima mchoro upatikane.

Nauandika hapa kwa siku za juma, kwa kuwa juma linajizungusha kwa saba na kila mtu analijua kwa moyo. Kila siku ni kituo. Pembetatu za aina ya kwanza: chukua siku yoyote, inayofuata, na ile ya tatu baada yake. Kuanzia Jumamosi tunapata Jumamosi, Jumapili, Jumanne. Kisha Jumapili, Jumatatu, Jumatano. Na kuendelea hadi Ijumaa, Jumamosi, Jumatatu. Hizo ni saba. Pembetatu za aina ya pili: chukua siku yoyote, ya pili baada yake, na ya tatu baada yake. Kuanzia Jumamosi: Jumamosi, Jumatatu, Jumanne. Hizo nazo ni saba. Jumla pembetatu 14, na 7 toa 21 ongeza 14 ni 0.

Kagueni wenyewe. Kila jozi ya siku inaonekana katika pembetatu mbili, si zaidi wala si pungufu, ndiyo maana pembetatu zinashonana bila kuacha ukingo wazi. Ukisimama Jumamosi na kuizunguka, unakutana na Jumapili, Jumanne, Jumatatu, Ijumaa, Jumatano, Alhamisi, na unarudi Jumapili: siku zote sita kwa mzunguko mmoja. Kwa hiyo tuna uso halali, uliofungika. Imebaki kujua ni uso gani, kwa sababu 0 ni namba ya nyuso mbili.

Uso wa pili ni chupa ya Klein, ambayo Felix Klein aliieleza mwaka 1882. Chukua karatasi ya mstatili inayovutika, unganisha ukingo wa juu na wa chini upate bomba. Ukiunganisha midomo miwili ya bomba kwa kuelekea upande mmoja, umepata tyubu. Ukiunganisha midomo hiyo huku mmoja umegeuzwa, umepata chupa ya Klein. Katika nafasi yetu ya vipimo vitatu haiwezi kukaa bila kujipenya yenyewe, lakini kama nafasi ya kihisabati haina kasoro yoyote. Haina ndani wala nje. Saa ya ukutani ikisafirishwa juu yake kwa njia fulani hurudi ikizunguka kinyumenyume. Na vituo toa viungo ongeza maeneo ni 0, sawasawa na tyubu.

Kwa siku zetu saba, jibu linapatikana kwa kuzipa pembetatu mwelekeo. Zungusha kila pembetatu ya aina ya kwanza kwenda mbele: Jumamosi kwenda Jumapili, kwenda Jumanne, kurudi Jumamosi. Zungusha kila pembetatu ya aina ya pili kinyume: Jumamosi kwenda Jumanne, kwenda Jumatatu, kurudi Jumamosi. Utaona kwamba kila kiungo kimepitwa mara mbili, kila mara kwa upande wake: Jumamosi kwenda Jumanne katika moja, Jumanne kwenda Jumamosi katika nyingine. Mwelekeo unakubaliana pote. Kwenye chupa ya Klein makubaliano hayo hayawezekani, kwa hiyo uso wetu ni tyubu. Siku saba zimeunganishwa zote juu yake.

Je, zinaweza kuunganishwa juu ya chupa ya Klein? Percy Heawood, mwaka 1890, alitoa fomula ya rangi nyingi kabisa zinazoweza kuhitajika kupaka ramani juu ya uso wowote usio tufe, ili nchi zinazopakana zisifanane. Kwa nyuso zote mbili zenye namba 0 fomula inatoa 7. Kwa tyubu alionyesha kwamba saba zinahitajika kweli, na ramani yake ni mtandao wa siku saba kwa sura nyingine, kila nchi ikiwa kituo na kila mpaka ukiwa kiungo. Kwa chupa ya Klein jambo lilibaki wazi hadi mwaka 1934, Philip Franklin alipothibitisha kwamba rangi sita zinatosha kwa kila ramani. Vituo saba vilivyounganishwa vyote vinadai rangi saba. Basi haviwezi kuchorwa pale. Mwaka 1968 Gerhard Ringel na Ted Youngs walikamilisha kazi ya nyuso zote zilizobaki, ikabainika kwamba chupa ya Klein ni uso pekee ambao fomula ya Heawood imeukadiria kupita kiasi.

Nakiri kwamba sioni mfano mzuri kuliko huu katika somo zima. Namba ya Euler, yaani vituo toa viungo ongeza maeneo, ilisimama mbele ya nyuso mbili na haikuziona tofauti. Mtandao wa vituo saba unaingia kwenye moja na kukataa nyingine.

Mtu anaweza kuuliza kama kuna anayekutana na chupa ya Klein nje ya vitabu. Wapo. Mwaka 2008 Gunnar Carlsson na wenzake walichapisha uchunguzi wa picha za mandhari ya asili. Waligawa picha katika vipande vidogo vya vitone 3 kwa 3, kila kipande kikiwa namba tisa za mwanga na giza, wakabaki na vile vyenye tofauti kubwa ya mwanga. Kila kipande ni nukta katika nafasi yenye vipimo vingi, na nukta zilizosongamana zaidi zilijipanga juu ya chupa ya Klein. Sababu inaonekana ukikitazama kipande kimoja kimoja. Kipande chenye mstari mweusi katikati ya weupe, ukikizungusha nusu duara, kinarudi kilivyokuwa. Kipande ambacho nusu ni giza na nusu ni mwanga, ukikizungusha nusu duara, kinakuwa kinyume chake. Vipande hivi vya aina mbili vinageukiana hatua kwa hatua, na ule mgeuko wa nusu duara ndio unaoshona mdomo mmoja wa bomba kinyume na mwingine.

Upande wa tyubu, mwaka 2022 watafiti wa Trondheim, Norwei, kutoka maabara ya May-Britt na Edvard Moser waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 2014 pamoja na John O'Keefe, walichapisha vipimo vya seli za gridi katika ubongo wa panya, zile zinazomsaidia kujua alipo. Walirekodi mamia ya seli kwa wakati mmoja. Hali ya seli hizo zote kwa pamoja, wakati panya anatembea, ilitembea juu ya torasi. Panya alipolala, torasi ilibaki.

Njia iliyotumika katika kazi zote mbili ni ya mtandao, na kwa sura yake nyepesi iko hivi. Kila nukta ya data ni kituo. Weka umbali fulani, unganisha nukta zilizo karibu kuliko umbali huo, jaza pembetatu zote ambazo pande zake tatu zimeunganishwa, na uendelee hivyo kwa makundi makubwa zaidi. Wazo hilo ni la Leopold Vietoris, mwaka 1927. Kisha ongeza umbali polepole. Mizunguko mingi huzaliwa na kufa papo hapo, hiyo ni kelele ya vipimo. Inayodumu kwa muda mrefu ndiyo inayohesabiwa. Herbert Edelsbrunner, David Letscher na Afra Zomorodian waliiwekea njia hii hesabu yake kamili katika makala ya mwaka 2002. Hapa mtihani wangu wa kituo cha katikati umepata sura mpya: ukiongeza nukta za data kutoka nafasi ileile, mizunguko inayodumu haipaswi kubadilika.

Matokeo hutolewa kwa namba tatu: vipande vilivyoungana, mizunguko huru, na mianya iliyofungwa pande zote. Torasi inatoa 1, 2, 1. Sasa sikilizeni kwa makini, hasa mliopo hapa mnaofanya kazi na data. Programu nyingi huhesabu kwa witiri na shufwa, yaani kwa mabaki ya kugawa kwa 2, kwa sababu ni haraka. Kwa hesabu hiyo chupa ya Klein nayo inatoa 1, 2, 1. Haipo tofauti hata moja. Sababu mnaijua tayari kutoka kwenye siku saba. Ukijaribu kuzipa mwelekeo pembetatu za chupa ya Klein, lazima zigongane kwenye mshono, na kila kiungo cha mshono kinapitwa mara mbili kwa upande uleule badala ya kufutana. Mara mbili, kwa witiri na shufwa, ni sifuri. Mgongano unatoweka kwenye daftari ingawa upo kwenye nafasi. Hesabu kwa mabaki ya kugawa kwa 3, na 2 inabaki 2. Mgongano unaonekana, na chupa ya Klein inatoa 1, 1, 0.

Kwa hiyo nawaomba, hasa ninyi vijana mtakaosoma na kuandika ripoti za namna hii: mkikutana na dai kwamba data fulani imekaa juu ya torasi, tafuteni kwanza katika maelezo ya njia ni kwa mabaki ya namba gani hesabu imefanywa. Kama ni 2 peke yake, rudieni kwa 3. Kwenye programu ni badiliko la tarakimu moja, na hadi lifanyike, mwandishi bado hajaonyesha kama alichokipata ni torasi au chupa ya Klein.